Mawe Yaliyobaki Chini ya Maji

Somo la juma: Yoshua 4:1–9 na 18–24

Sura ya nne ya kitabu cha Yoshua inatuonyesha makundi mawili ya mawe. La kwanza tunalijua tangu shule ya Jumapili: watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waliingia katikati ya Yordani, pale miguu ya makuhani ilipokuwa imesimama imara, na kila mmoja akatoka na jiwe begani. Mawe hayo yalisimamishwa Gilgali, ili watoto wakiyaona waulize, nao wazazi wawasimulie Mungu alichotenda.

Kundi la pili huwa tunalipita upesi. Mstari wa tisa unasema Yoshua alisimamisha mawe mengine kumi na mawili humo humo mtoni. Yalikuwa majira ya mavuno, na Yordani hufurika wakati huo. Makuhani walipopanda ukingoni, maji yakarudi mahali pake. Mawe ya Gilgali kila mpita njia aliyaona. Ya mtoni waliyajua wale waliosimuliwa.

Nawaletea somo hili kwa sababu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya tukisafiri: kupiga picha za treni na reli. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue rasmi safari za treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania, tarehe 1 Agosti 2024, simu zetu zimejaa vichwa vya treni, stesheni mpya na madaraja marefu. Ni furaha ya halali. Mtu anayepiga picha ya daraja anasema kwa namna yake kwamba amevushwa, na hataki kusahau. Picha inaweza kuwa jiwe la Gilgali.

Lakini nataka tutazame pia kipande kimoja cha reli ya zamani, kati ya Kilosa na Gulwe. Hapo Reli ya Kati inafuata bonde la Mto Mkondoa, mlima upande mmoja, maji upande wa pili. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ilianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Mto ulikuwa umekwisha kuikata milima, kwa hiyo bonde lilikuwa njia rahisi. Gharama yake tunailipa kila mvua zinapozidi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa tuta, na treni zikasimama kwa miezi.

Ukikaa dirishani upande wa mto utaona makasha ya waya yaliyojazwa mawe, yamepangwa ngazi kwa ngazi ukingoni ili maji yasile tuta. Utaona kokoto zilizochanganyika na mchanga ulioletwa na mto. Kisha utaliona genge la wafanyakazi wa reli, wamesogea kando kupisha treni: mitaimbo mabegani, mabuti yana tope hadi juu ya vifundo, mmoja wao amenyoosha bendera ya kijani na haishushi mpaka behewa la mwisho lipite.

Nimewahi kukaa jirani na kijana aliyekuwa akipiga picha mahali kama hapo. Picha ilimtoka vizuri kweli: mto unang'aa, treni imepinda kwenye kona, mabehewa ya mbele yanaonekana yote. Yule mwenye bendera alitokea pembeni, nusu yake tu. Kijana akaikata picha kidogo ili ukingo uwe safi, na yule mtu akatoweka. Hakuwa na nia mbaya. Macho yetu yamezoea kutafuta kilichobebwa na kumpita aliyebeba.

Mazoea haya ni ya zamani. Tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory katika jimbo la Utah, Marekani, reli mbili zilikutana na kuunganisha mashariki na magharibi ya nchi ile. Mpiga picha Andrew Russell akawapanga watu mbele ya vichwa viwili vya treni vilivyotazamana, wakashikana mikono. Upande wa magharibi reli ile ilijengwa zaidi na Wachina, maelfu kwa maelfu, waliopasua miamba ya milima ya Sierra Nevada kwenye theluji. Katika picha ile maarufu ni vigumu kumwona hata Mchina mmoja waziwazi. Mwaka 2014 mpiga picha Corky Lee, Mmarekani mwenye asili ya China, aliwakusanya Wamarekani wenzake wa asili hiyo, wakiwemo wajukuu na vitukuu wa wajenzi wale, akawapiga picha palepale. Wazee wao hawakuweza kurudi, lakini watoto waliuliza, na habari ikasimuliwa.

Na sisi tuna deni hilo hilo. Majina ya kampuni na magavana wa enzi ya Wajerumani tunayasoma vitabuni. Maelfu ya Waafrika waliochimba na kubeba vyuma kutoka pwani hadi Kigoma, wengi wao hatuna hata majina yao. Hao ni mawe ya mtoni. Yoshua hakuyasimamisha pale kwa bahati mbaya. Mungu wetu huhesabu kazi iliyofunikwa na maji sawasawa na ile iliyosimama juani, na Baba aonaye sirini hahitaji picha ili akumbuke.

Basi Mkristo asafiri vipi na kamera yake? Kwanza, kwa utii na upendo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha stesheni au darajani, na muulize mama anayeuza ndizi chini ya dirisha kama anapenda kupigwa picha. Usisimame relini kwa ajili ya picha. Treni haisimami ghafla hata dereva akikuona, na nyaya za SGR zina umeme wa volti 25,000. Dereva naye ni jirani yako. Usimwachie jeraha la moyo atakalolibeba maisha yake yote.

Pili, kwa shukrani. Ukiona genge kando ya njia, wape nafasi kwenye picha yako, na wapungie mkono. Ukifika nyumbani na kuwaonyesha watoto, usiishie kwenye kichwa cha treni. Waambie kuna watu wanaoingia topeni ili sisi tupite, kisha muwaombee kwa pamoja.

Juma hili, fungua picha za safari yako ya mwisho. Mtafute mtu mmoja aliyekuvusha ambaye hayumo ndani yake: fundi, mlinzi wa daraja, mfagiaji wa behewa, au mzazi aliyekulipia nauli. Kama yu hai, mpigie simu leo umshukuru. Kama ametangulia, wasimulie wanao habari zake kabla ya Jumapili ijayo.