Mtoto Akiuliza Dukani
Wazazi wa Kakamega, mtoto akiuliza kwa sauti dukani, "Mama, huyu Mhindi kwao ni wapi?", wengi wetu humfinya mkono anyamaze. Hapo anajifunza kwamba rangi ya mtu ni jambo la aibu. Afadhali umjibu. Msimulie jinsi dhahabu ilivyowavuta watu wa kila rangi hapa miaka ya 1930, hata leo mtaa wa Rosterman una jina la mgodi wa wakati huo. Mwambie Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Kisha mwache amsalimie mwenye duka kwa Kiluhya, "Mulembe!" Huenda akajibiwa kwa Kiluhya kizuri kuliko chake, watoto wetu wa siku hizi mnawajua.