TAHARA YA KISIMA

 

Ndugu zetu Waislamu! Si siku nyingi tuliitwa kuzika katika kijiji kimoja cha mashambani, upande wa Kwale. Maiti alikuwa mtoto asiyetimiza miaka miwili, aliyekufa kwa kuhara na kutapika. Kando ya kaburi lake tuliona makaburi mengine mawili madogo, na udongo wake ungali mpya. Tuliwausia wazazi wasubiri, tukaomba dua, tukarudi mjini. Njiani ndipo tulipokumbuka kuwa kuna jambo hatukuliuliza: maji ya kunywa ya kijiji kile yatoka wapi?

Tulirudi kuuliza. Tulioneshwa kisima cha mradi chenye bomba la mkono lililoshika kutu. Mpira wa ndani ulikatika, na fedha za kununulia mwingine hazikuonekana. Tangu hapo wanawake huteka maji katika bwawa wanakonywa ng'ombe. Na mwezi ule ule kijiji kilichanga kikachinja ng'ombe wa karamu ya hitima! Mpira wa bomba haufiki thamani ya paja moja la ng'ombe yule.

Lawama hii twaianza kwetu sisi tunaosomesha. Vitabu vyetu vya fikihi hufungua kwa mlango wa tahara. Twamfunza mtoto maji yapi yafaa kutawadhia, wala hatumfunzi yapi yafaa kunywewa. Ilhali maji yaweza kuwa tahiri kwa udhu yakawa sumu kwa tumbo. Mtoto akihara, twasema ni jicho au shetani, akaandikiwa kombe. Na kombe lenyewe hufutwa kwa maji yale yale ya bwawa.

Wako watakaosema: "Umri u mikononi mwa Mungu, choo hakiurefushi." Ni kweli umri ni wa Mungu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Naye ndiye aliyekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwenda haja penye maji ya watu, njiani na kivulini, na akaamuru vyombo vifunikwe. Mdudu wa kichocho alionekana kwa mara ya kwanza huko Cairo mwaka 1851, na daktari Theodor Bilharz. Baadaye ikajulikana kuwa mayai yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa, yakaingia majini, yakapitia kwa konokono, kisha mdudu akapenya ngozi ya aogaye. Sisi tulikwisha kukatazwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya hapo, na hata leo vijana wetu wakojoa damu.

Wala tusidhani kuwa mradi peke yake watosha. Huko Busia, magharibi ya Kenya, chemchemi zilijengewa saruji ili uchafu wa juu usiingie. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionesha kuwa uchafu wa kinyesi ulipungua kwa 66 katika mia pale penye chemchemi, lakini majumbani ulipungua kwa 24 tu. Juu ya hayo, kuhara kwa watoto kulipungua kiasi cha robo. Basi rehema ilikuwapo, lakini nyingi yake ilipotea baina ya chemchemi na mtungi: katika ndoo isiyooshwa, katika kata itupwayo chini, katika mkono usionawa.

Utafiti mwingine mkubwa, wa Kakamega, Bungoma na Vihiga, ulitangazwa mwaka 2018. Watu walipewa dawa ya kutia majini, vyoo bora na mahali pa kunawia mikono. Kuhara kwa watoto hakukupungua, na kadiri siku zilivyopita, waliodumu na mambo hayo walizidi kuwa wachache. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee. Lakini twasema kuwa kitu cha kupewa bila kushikwa na watu hakidumu, na choo cha nyumba moja hakiwakingi watu wa nyumba kumi.

Na hapa kwetu tuna mfano wa kushika. Bomba la mkono liitwalo Afridev lilijaribiwa Kwale katika miaka ya 1980, likaundwa makusudi ili wanakijiji walitengeneze wenyewe kwa zana chache. Wanawake wa Kwale walijifunza kulifungua na kulitengeneza. Itakuwaje leo tukae tukimngoja mgeni aje kutubadilishia mpira?

Nanyi ndugu wa Mombasa, msidhani kuwa haya hayawahusu. Maji mnayotawadhia yatoka Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, yaani katika ardhi ya watu wa mashambani. Wao hutunywesha sisi. Sisi twawapelekea nini? Mama mzazi wa Saad bin Ubada alipofariki, Saad alimuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka iliyo bora, akaambiwa ni maji, naye akachimba kisima. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu. Mwenye kutaka kumfanyia hitima mzazi wake, na aweke wakfu wa kutengeneza kisima: si kuchimba tu na kutundika kibao cha jina, bali fedha za kila mwaka, mikononi mwa mtu mwaminifu, na hesabu isomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa.

Nanyi wa mashambani, chimbeni vyoo mbali na visima, upande wa chini. Funikeni mitungi. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto.

Kisima kile kimekwisha kutengenezwa. Wale watoto watatu hawatarudi, nasi tutaulizwa juu yao. Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyanyamazia, na utujaalie tuwe wenye kujitakasa nje na ndani. Amin.