Je, Kombe Linanunuliwa?



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee besiboli. Najua wengi wetu huku tuna mpira wetu wa miguu, na ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga kijimpira kwa rungu hatujui hata pointi zake zinahesabiwaje. Nivumilieni. Swali nililolikuta humo ndani ni la haki na la imani, na mjadala wake mtautambua mara moja: timu yenye hela ikishinda, imeshinda au imenunua?

Kisa chenyewe ni Los Angeles Dodgers. Wamechukua ubingwa mwaka 2024, wakauchukua tena 2025. Timu kutetea ubingwa ni jambo ambalo lilikuwa halijaonekana tangu New York Yankees waliposhinda mara tatu mfululizo, 1998 hadi 2000. Sasa angalia usajili wao. Desemba 2023 walimsainisha Mjapani Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, na mwezi huohuo wakamwongeza Mjapani mwingine, mrushaji Yoshinobu Yamamoto, kwa dola milioni 325. Ligi yao haina ukomo wa mishahara. Ukivuka kiwango fulani unatozwa kodi, basi. Ukiwa na ya kulipia kodi, unaendelea kusajili.

Na Dodgers wanayo. Mkataba wao wa televisheni ni wa miaka 25 na thamani yake inazidi dola bilioni 8, kwa sababu wako kwenye jiji kubwa lenye mamilioni ya watazamaji. Milwaukee, mji wa watu nusu milioni na ushee, hawapati mkataba wa namna hiyo hata wakisali novena mwaka mzima.

Kwa hiyo malalamiko yakawa mengi: hawa wamenunua kombe. Mimi nataka tulichukue hilo neno "kununua" kwa uzito wake.

Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8 yupo Simoni, yule mchawi wa Samaria. Aliwaona mitume wakiwawekea watu mikono na watu wakimpokea Roho Mtakatifu, akatoa fedha ili naye auziwe uwezo ule. Petro alimkemea vikali. Kosa la Simoni halikuwa kuwa na fedha. Alidhani kuna bei, kwamba ukiweka hela mezani zawadi ya Mungu unapimiwa kama kilo ya sukari dukani. Kanisa likaipa dhambi hiyo jina lake, usimoni.

Kombe la besiboli si sakramenti, hilo tukubaliane. Ila Simoni anatusaidia kuelewa kununua ni nini: unatoa hela, unakabidhiwa kitu. Je, kombe linakabidhiwa hivyo? Waulize New York Mets. Mwaka 2023 walianza msimu wakiwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote, wakamaliza wameshinda michezo 75 na kupoteza 87. Kabla ya msimu wa 2025 wakamsajili Juan Soto kwa dola milioni 765 kwa miaka 15, zaidi hata ya Ohtani, na mwaka huo kwenye hatua ya mtoano hawakuingia kabisa. Au waulize hao Yankees. Kuanzia 2001 hadi 2008 walikuwa wanatumia kuliko wote na hawakupata hata kombe moja. Mwaka 2005 mishahara yao ilipita dola milioni 200, na waliobeba ndoo ni Chicago White Sox waliotumia kama dola milioni 75. (Hao White Sox wakumbuke, nitarudi kwao, kuna mtu wetu anawashabikia.)

Halafu kuna fainali yenyewe ya 2025. Dodgers walicheza na Toronto Blue Jays, ambao nao si maskini, na wakafika mchezo wa saba, ule wa mwisho kabisa. Toronto wanaongoza hadi awamu ya tisa, wamebakiza wapigaji wawili tu wa kuwatoa ili wawe mabingwa. Anasimama Miguel Rojas, Mvenezuela wa miaka 36, si nyota, wala si wa mamia ya milioni. Anaupiga mpira unatoka nje ya uwanja. Wamelingana. Muda mfupi baadaye Toronto wana watu kwenye besi zote tatu. Mpira unakwenda kwa Rojas huyohuyo, anayumba, karibu aanguke, anaurusha nyumbani, na mkimbiaji wa Toronto anatolewa kwa tofauti ya unyayo tu. Awamu ya 11 Will Smith (siyo yule wa sinema) akapiga la ushindi, 5 kwa 4. Sasa niambie, ule unyayo uliuzwa dola ngapi?

Lakini subiri kidogo. Aliyekuja kumaliza kazi usiku ule ni Yamamoto, yule wa milioni 325. Alikuwa ameanza kama mrushaji katika mchezo wa sita jana yake tu, akarudi bila kupumzika. Moyo wa kurudi uwanjani na mkono uliochoka hauandikwi kwenye mkataba. Ila bila zile hela, moyo huo ungekuwa umevaa jezi ya timu nyingine.

Ndiyo maana siwezi kusema hela si kitu. Anayeniambia hivyo namwonyesha Milwaukee Brewers. Mwaka 2025 walimaliza ligi na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 97, kwa mishahara ambayo haikaribii ya Dodgers. Katika msimu wa kawaida walikutana na Dodgers mara sita na wakawapiga mara zote sita. Halafu Oktoba ikafika, wakakutana tena kwenye nusu fainali, na Dodgers wakawatoa michezo minne kwa sifuri. Milwaukee walipata pointi moja kila mchezo, yaani nne jumla. Mchezo wa nne Ohtani peke yake alipiga mipira mitatu nje ya uwanja, na huyohuyo ndiye aliyekuwa anarusha. Mhubiri 9:11 inatukumbusha kwamba mbio si za wenye kasi peke yao, kwamba wakati na bahati huwapata wote. Naamini kabisa. Ila nakiri pia kwamba bahati ikija inamkuta mwenye Ohtani ameshajipanga mlangoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: hela hainunui kombe, inanunua kuwepo pale kombe linapoamuliwa. Mwaka huu upo, mwaka kesho upo, mwaka wa tatu upo tena. Msimu una michezo 162, na katika michezo mingi namna hiyo kikosi kipana chenye akiba ya kutosha kinavumilia majeruhi ambayo yangemmaliza maskini. Kisha mnaingia mtoano, michezo michache, na hapo unyayo unaweza kuamua.

Sasa tufike kwenye haki. Wengi tunashtuka kusikia milioni 700 na tunadhani dhambi imekaa hapo, kwenye ule mshahara. Mimi nadhani tunaangalia pasipo. Zamani wamiliki wa besiboli walikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa timu moja mpaka wao wenyewe waamue kumuuza au kumtema. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals, mchezaji mweusi, aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Akakataa. Alipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972, na kufikia hapo mpira wake ulikuwa umeshaisha. Mwishoni mwa 1975 ndipo msuluhishi alipoamua kwamba wachezaji wawili wengine waliomaliza mikataba yao wako huru, na mlango ukafunguka kwa wote. Hizi hela tunazoziona chafu ni matunda ya mtu aliyekataa kuuzwa kama mzigo. Kabla yake hela zilikuwepo, zilibaki kwa mmiliki.

Hapo nakumbuka Rerum Novarum ya Papa Leo XIII, 1891, inayodai ujira wa haki kwa mfanyakazi. Haki hiyo haimhusu Ohtani peke yake, yeye hakika hatalala njaa. Inawahusu zaidi vijana wa ligi za chini wanaolelewa na timu hizihizi. Hadi 2022, wa ngazi mojawapo ya chini walikuwa wanapata kama dola 11,000 kwa mwaka, ndani ya Marekani, nchi ambayo kodi ya chumba tu inaweza kuimaliza hiyo. Walipojiunga na chama cha wachezaji, mkataba wa 2023 uliwapandisha hadi zaidi ya dola 26,000. Mtume Yakobo (5:4) anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi kwa Bwana. Na tuwe wakweli: waliouzuia walikuwa matajiri na hao wanaojiita maskini pia, wote kwa pamoja.

Na hao "maskini" ndio wananikera zaidi, afadhali niseme. Ile filamu ya Moneyball wengi mmeiona: Oakland Athletics wa 2002, mishahara ya kama dola milioni 40, wanashinda michezo 103 sawasawa na Yankees wenye zaidi ya milioni 120. Hadithi tamu. Ila tangu 2005 mmiliki wa timu hiyo ni wa familia iliyoanzisha kampuni ya nguo ya Gap. Umaskini gani huo? Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya timu nne, Oakland wakiwemo, kikidai kwamba hela za mgao zinazotoka kwa timu tajiri hazitumiki kuboresha vikosi. Septemba 2024 Oakland wakacheza mchezo wa mwisho katika mji wao, timu ikahamishwa. Mashabiki waliosimama nayo miaka yote ya kubana matumizi wakabaki na jezi kabatini.

Ukisoma mfano wa talanta katika Mathayo 25, utaona bwana hamlaumu aliyepewa tano kwa kuwa na tano. Anayekemewa ni yule aliyefukia moja yake chini halafu akaja na maelezo. Kwenye besiboli wamefukia wengi, na maelezo wanayo.

Turudi kwa White Sox. Mtu wetu niliyemtaja ni Baba Mtakatifu Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, aliyekuwepo uwanjani kwenye mchezo wa kwanza wa fainali ya 2005, akiwa wakati huo Mkuu wa Shirika la Waagustino. Jina la Leo alieleza mwenyewe kwamba alilichagua hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka wake juu ya wafanyakazi. Basi timu yake mwaka 2024 ilipoteza michezo 121, rekodi mbaya kuliko zote za zama hizi za besiboli. Chicago ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani! Siyo Milwaukee. Na hadi msimu huo mkataba mkubwa kuliko yote waliyowahi kumpa mchezaji ulikuwa wa dola milioni 75. Unapolia kwamba Dodgers wanaharibu mchezo, angalia na upande huu.

Kuna kitu kimoja kinatuhusu sisi moja kwa moja. Mwenzetu aliyesoma shule ya ada ya mamilioni, yenye maabara na walimu kamili, akipata divisheni wani, tunasema amenunua. Hapana, mtihani aliufanya yeye, usiku alikesha yeye. Lakini na yeye asiangalie chini kwa dharau kwa yule aliyefanya mtihani uleule wa fizikia bila kumwona mwalimu wa fizikia miaka miwili. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na wivu unatufanya tuone kimoja, kiburi kinatufanya tuone kingine. Binafsi hapo ndipo ninapoombea zaidi, kwa sababu nimeshakaa pande zote mbili.

Mkataba wa kazi kati ya wamiliki na wachezaji wa besiboli unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na hoja ya kuweka ukomo wa mishahara imerudi. Mwaka 1994 hoja hiyohiyo ilileta mgomo mpaka fainali ya World Series ikafutwa. Wakiniuliza mimi, ukomo wa juu peke yake ni zawadi kwa wamiliki: hela ya televisheni inaingia ileile, mishahara inabanwa, chenji inabaki mfukoni mwao. Waweke na kiwango cha chini ambacho kila mmiliki lazima atumie, na mapato ya televisheni yagawanywe kwa uwazi, ndipo Milwaukee, ambao wana timu hiyo tangu 1970 na World Series hawajawahi kushinda hata moja, wafike Oktoba wakiwa na kitu mkononi. Mpaka hapo, shabiki akiniambia Dodgers wamenunua kombe, nitamuuliza kwanza timu yake iliingiza kiasi gani mwaka jana na ilitumia kiasi gani.