Hatuondoki Bado

Usiku, wodi ya watoto imejaa, na mmoja wenu anaitwa pembeni: "Sista, jiandae, unasindikiza." Wengi wetu tukisikia hivyo tunachukua sweta, tunakwapua karatasi ya rufaa na kukimbilia gari ambalo dereva ameshaliwasha. Ninaandika kwa ajili yako wewe unayeitwa hivyo, na ninalotaka ulishike ni hili: gari lile haliondoki mpaka wewe useme liondoke.

Ni kweli daktari ndiye aliyeandika rufaa, na dereva anaijua barabara kuliko wewe. Lakini mlango ukishafungwa, hakuna tena daktari wa kumwita, hakuna mwenzako wa zamu, hakuna stoo ya kukimbilia. Upo wewe, mtoto, na ndugu mmoja anayekutazama usoni kila baada ya dakika mbili ili ajue kama mwanawe yu hai. Hapo unaongoza wodi ya kitanda kimoja inayotembea. Anza kujiona hivyo tangu ukiwa bado umesimama uani.

Chukua njia ya Sengerema kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa lilifika Busisi likasimama kusubiri kivuko, muuguzi akiwa na mtoto anayehema, ziwa mbele yake. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, takriban kilomita 3 juu ya maji, na kungoja kule kukaisha. Ni Sengerema hiyo hiyo, pamoja na Shinyanga, ambako mfumo wa m-mama ulianzia kabla ya kusambazwa nchini kuanzia 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyeandikishwa, ambaye akishamfikisha mama au kichanga analipwa kwa simu. Barabara imepatikana na namba ya kupiga ipo. Kilichobaki ni kinachofanyika ndani ya gari, na hicho hakuna mkandarasi wala waziri atakayekuja kukufanyia.

Tuanze na mtungi wa oksijeni, maana hapo ndipo wasindikizaji wengi huaibika. Usiulize, "Mtungi umejaa?" Utajibiwa "ndiyo" na mtu ambaye hajaugusa. Panda garini mwenyewe, tia ufunguo, fungua valvu, tazama mshale. Kisha piga hesabu. Mtungi mdogo wa lita 340 ukiwa umejaa, kwa mtoto wa nimonia anayetumia lita 2 kwa dakika, unadumu dakika 170. Mshale ukiwa katikati, una dakika 85 tu, na hizo ni kama hakuna tairi litakalopasuka. Beba mara mbili ya unachodhani utahitaji. Ukimaliza, sogeza mwisho wa mirija ya puani karibu na shavu lako usikie hewa inavyotoka. Halafu shika ambubegi, uiminye, uzibe mdomo wake kwa kiganja uone kama inabana, uhakikishe na barakoa iliyopo ni ya saizi ya uso wa mtoto huyu. Barakoa ya mtu mzima kwenye uso wa kichanga ni mzigo tu. Kazi yote hiyo haifiki dakika tano, lakini ni katika dakika hizo utasikia sauti kutoka mbele ikisema, "Sista, twende, mtoto anazidiwa!"

Jibu lako liwe tulivu: "Hatuondoki bado."

Najua uzito wa maneno hayo. Labda umetoka chuo juzi, na anayekuharakisha ni mtu unayemwamkia shikamoo. Sikuombi umvunjie heshima. Mwambie, "Shikamoo daktari, sukari ya mtoto iko chini ya 2.5, naomba tumpe dekstrosi ya asilimia 10 kwanza, kisha tuondoke." Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayegombana na sentensi hiyo, kwa sababu ina namba ndani yake na ina ombi. Woga hupungua sana mtu akiwa na kipimo mkononi. Ndiyo maana nakusihi upime: sukari, joto, mapigo, oksijeni, idadi ya pumzi kwa dakika nzima. Na kanula? Ivute kidogo, isafishe kwa maji ya chumvi, ifunge upya kwa plasta. Kutafuta mshipa wa mtoto chini ya taa ya wodi ni kazi. Kuutafuta gari likiruka matuta ni kumtesa mtoto bure.

Baridi nayo huua watoto wetu kimyakimya. Mtu akisikia Mwanza au Dar es Salaam hafikirii baridi, lakini kichanga wa kilo 1.4 aliyevikwa nepi mbichi, dirisha la dereva likiwa wazi, hupoa haraka mno. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Inkubeta ya safari huna, na pengine hutaipata mwaka huu. Una kifua cha mama. Mwaka 1978, katika hospitali ya Bogotá nchini Colombia, madaktari waliozidiwa na watoto njiti walianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, na dunia ikawaona kama watu walioshindwa kununua mashine. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25.

Kwa hiyo mvue mtoto nguo, mwachie nepi kavu, kofia na soksi, mweke wima kati ya matiti ya mama, shingo isikunjike, mfunge kwa kanga kisha blanketi juu, na uhakikishe unauona uso wake. Mama akiwa bado yuko chumba cha upasuaji, mgeukie shangazi au bibi aliyeandamana naye: "Bibi, kifua chako ndicho kitakachomfikisha mjukuu." Hutaona mtu akikaa wima vile tena. Baba naye anaweza. Asiambiwe akae mbele na dereva kama mgeni.

Mkishaondoka, ongea na dereva. King'ora na mwendo wa kasi hutupa sisi sote hisia kwamba tunafanya kitu, ila mtoto anachohitaji ni gari lililotulia na mikono yako iliyo huru. Oksijeni ikishuka, kifua kikinyamaza, sema "Simama!" kwa sauti ambayo haihitaji kurudiwa. Gari liegeshwe, taa ya ndani iwashwe, umpulizie mtoto kwa ambubegi ukiona kifua kinapanda na kushuka. Kusimama barabarani huku hospitali ikiwa bado mbali kunaogofya, lakini kumpulizia mtoto huku unayumba huwa hakufiki kwenye mapafu.

Kisha mnafika, na hapa kuna ugonjwa wetu mwingine. Tunamkabidhi mtoto huku tunavua glovu, wawili wanaongea, mmoja anatafuta faili, na nusu ya mliyoyapigania njiani inapotea mlangoni. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waliwahi kuwaendea mafundi wa magari ya mashindano ya Ferrari kujifunza namna ya kupokezana kazi, baada ya kuona watoto waliotoka kwenye upasuaji wa moyo wanapokelewa kwa fujo. Walichorudi nacho hakikuwa na gharama: kila mtu ajue nafasi yake, na mmoja aongee huku wengine wamenyamaza. Basi na wewe omba hicho. "Naomba dakika moja mnisikilize." Taja umri, uzito, tatizo, ulichompa na saa uliyompa, kilichotokea njiani, unachohofia. Usiondoke mpaka mtu mmoja mwenye jina aseme amempokea.

Posho ya safari ninajua itachelewa. Idai, ni haki yako, na usimruhusu mtu akwambie uuguzi ni wito ili asikulipe.

Ila usingoje posho kuanza. Kesho ukiingia zamu, kabla hujaitwa, nenda kwenye gari la wagonjwa. Fungua mtungi, soma mshale, jua ufunguo wake unakaa wapi. Mfundishe dereva kuushika, naye pia akueleze taa ya nyuma inawashwaje. Ukiukuta mtungi mtupu, usiishie kuandika kwenye daftari la zamu: mfuate katibu wa afya ofisini kwake, na umwambie unataka ujazwe kabla ya jua kuzama.