Mbwa wa Mzee wa Delta: Nani Alipe Gharama ya Mnyama Mgonjwa?

Msimu wa mpunga uliopita nilialikwa Kibiti kusimamia mitihani ya madrasa. Siku ya pili, baada ya Swala ya Isha, tulikaa barazani mwa msikiti kwa maswali na majibu, kama ilivyo ada. Yakaulizwa ya talaka, ya mirathi, ya mikopo ya riba kwenye simu. Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa ametoka upande wa delta, kwa mashua hadi Nyamisati na kutoka hapo kwa gari.

“Ustadhi,” akasema, “mimi nina mbwa. Mwaka wa saba huu ananilindia mpunga. Nguruwe pori wamemchana ubavuni, kidonda kimeoza. Bwana mifugo nimempata, lakini ukijumlisha dawa, sindano na nauli yake ya kuja na kurudi, ni fedha ile ile niliyomwekea mjukuu wangu ya sare na madaftari. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 sijasimama sawasawa. Je, nikimwacha afe, nina dhambi?”

Watu walicheka. “Mbwa tena, msikitini!” mmoja akasema. Nami, Allah anisamehe, nilitabasamu pamoja nao, nikajibu haraka haraka: “Mzee wangu, mbwa ni najisi, hana haki ya kutibiwa. Msomeshe mjukuu.” Mzee akasema “Ahsante, ustadhi,” akanyamaza.

Usiku ule sikulala vizuri. Kumtanguliza mjukuu nilikuwa sahihi, lakini sababu niliyoitoa ilikuwa ya uongo. Nilimjibu mzee kwa mazoea yetu ya Pwani, si kwa elimu niliyosomeshwa.

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imam Shafii tumezoea kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni hukumu ya najisi ya mbwa, nayo inahusu mikono yetu, vyombo vyetu na nguo za kuswalia. Dawa yake inajulikana: maji mara saba, mojawapo kwa udongo. La pili ni haki ya kiumbe aliye chini ya mamlaka yako, na haki hiyo haifutwi na najisi. Katika hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtenda dhambi alisamehewa kwa sababu alimteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake. Maswahaba walipouliza kama kweli kuna malipo katika wanyama, Mtume (SAW) aliwafahamisha kuwa ipo thawabu katika kila chenye uhai. Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakuadhibiwa kwa kumpiga. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kosa lake ni kushika mamlaka juu ya mnyama na kukataa gharama yake.

Tena mbwa wa mzee huyu si wa fahari. Hadithi zinazoonya kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na ujira kila siku zinamtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Anayelala dunguni katikati ya mpunga wa Rufiji anajua maana ya msamaha huo. Nguruwe pori wanaweza kumaliza kazi ya miezi mitano kwa usiku mmoja, na wanapozoea shamba, simba huwafuata. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua makumi ya watu wilayani Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya peke yake. Watafiti waliofuatilia mashambulizi ya simba nchini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005, walionesha uhusiano kati ya wingi wa nguruwe pori mashambani na watu kuliwa. Kwa mkulima wa kule, mbwa anayebweka usiku ni sehemu ya ulinzi wa roho yake.

Sasa wanazuoni wetu wanasemaje kuhusu gharama? Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa Pwani yote hii, anaeleza kuwa mwenye mnyama analazimika kumpa chakula na maji, na akikataa mtawala ana haki ya kumlazimisha: amlishe, au amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Izzuddin bin Abdissalaam, naye Shafii, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alikwenda mbali zaidi. Katika kuorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu alitaja kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutonufaisha tena. Tuitazame kauli hiyo kwa makini. Inawagusa wengi wetu ambao mnyama akishamaliza kazi tunamtupa jalalani angali hai.

Lakini chakula ni jambo moja na matibabu ni jambo jingine. Hata kwa binadamu mwenyewe, wanazuoni wengi wa zamani hawakuona kujitibu kuwa ni wajibu katika kila hali, kwa kuwa dawa hubahatisha ilhali chakula hakibahatishi. Na Qur'an katika Suratut-Talaq, inapozungumzia matumizi ya mzazi, inafundisha kuwa kila mtu hutoa kwa kadiri ya alichopewa, wala Allah hamkalifishi mtu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mzee huyu kuhusu kidonda hana dhambi. Anadaiwa anachokiweza: chakula, maji, kivuli, kukiosha kidonda kwa maji ya chumvi, na kutomwongezea kazi. Kumnyima mtoto daftari ili kumchoma mbwa sindano si huruma ninayoijua mimi katika dini hii.

(Hapa niwaguse kidogo ndugu zangu wa Dar es Salaam. Wapo wanaonunua mbwa wa kizungu kwa mamilioni, au paka wa manyoya marefu kwa ajili ya picha, kisha bili ya daktari ikifika wanalalamika kuwa madaktari wa mifugo ni wezi. Mwenye uwezo wa kununua fahari hana udhuru alionao mzee wa delta.)

Gharama zimepanda kweli, na si kwa sababu ya uroho wa madaktari peke yake. Wazee wanakumbuka zama ambazo bwana mifugo alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuja na dawa ya serikali. Yalipokuja mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, mfugaji akatakiwa kuchangia gharama na huduma nyingi zikaachiwa watu binafsi. Mwenye ng'ombe aliweza kustahimili, kwani ng'ombe hurudisha fedha kwa maziwa au mnadani. Mbwa na paka hawarudishi shilingi inayoonekana. Dawa nyingi zinatoka nje kwa dola. Na ukivuka kuingia vijiji vya delta, kati ya mikoko na mito, nauli ya mashua inaweza kuipita bei ya dawa yenyewe.

Kama jambo lingeishia kwenye vidonda, ningeishia hapa. Lakini siku ile nilisahau kumwuliza mzee swali moja: mbwa wako amechanjwa?

Kichaa cha mbwa hakimwui mbwa peke yake. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Duniani wanakadiriwa kufa watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vile vilivyokuwa vikiandikwa kwenye vitabu vya serikali. Wanaoumwa sana ni watoto. Aliyeumwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali achomwe chanjo zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti. Fikiria mama wa kijiji cha delta afanye safari hizo na mtoto, mashua na gari, kwenda na kurudi, na huenda akaambiwa chanjo imekwisha. Ukilinganisha na hayo, sindano moja ya mbwa ni kitu kidogo sana.

Basi gharama hii si ya huruma kwa mbwa tu, na mwenye mbwa akiikwepa, inahama kwenda kwa mtoto wa jirani. Hapo tunaingia kwenye kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi, ya kutodhuru na kutolipizana madhara.

Je, tumwambie mzee alipe? Tumwambie, kama anaweza. Lakini tujue pia uzoefu unaonesha nini. Ndjamena, mji mkuu wa Chad, wenye Waislamu wengi, mbwa walipochanjwa bure katika majaribio, wengi wao walifikiwa. Mwaka 2006 wenye mbwa walipotakiwa kulipa, waliochanjwa walikuwa takriban robo tu, na ili ugonjwa ukome zinahitajika kama asilimia 70. Wale watu wa Ndjamena si wabaya kuliko sisi. Mtu maskini halipi leo kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisitokee.

Mfano wa karibu zaidi ni Pemba. Kuanzia mwaka 2010 ulikuwapo mradi wa Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Bill Gates, wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ikiwemo mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara, na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ukatokomezwa mwaka 2014. Kisha chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ukarudi na mbwa walioingia kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kampeni ianze upya ndipo ukaondoka tena. Kisiwa kizima cha Waislamu, chenye misikiti isiyohesabika kwa vidole, kilimtegemea tajiri wa Marekani kwa sindano ya mbwa. Simlaumu tajiri huyo, katoa chake. Najiuliza sisi tulikuwa wapi.

Mimi naona jawabu lipo katika Minhaj ile ile. Imam Nawawi, anapotaja mambo ya fardhi kifaya, anataja kuwaondolea Waislamu madhara pale ambapo zaka na baitulmali hazikutosheleza. Mfano wake ni kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa. Sioni ni kwa nini kumkinga mtoto na kichaa cha mbwa kusiingie humo. Ikiwa ni fardhi kifaya, basi mzee aliuliza swali letu sote: mwenye mbwa na asiye na mbwa, na hata mimi na wewe tuliokaa Magomeni na Temeke huku tukila mchele wa Rufiji. Wakiwepo wa kuitekeleza, imetuondokea. Wasipokuwepo, wenye uwezo wote tuna dhambi, na mzee aliyeshindwa nauli ndiye wa mwisho kuulizwa.

Najua nitaambiwa: “Mwalimu, madrasa hazina mapaa, wajawazito wanakosa dawa, wewe unatuletea mbwa!” Hoja hii ina uzito na siidharau. Sadaka ni chache na mahitaji ni mengi. Lakini anayeokolewa na chanjo hii ndiye yule yule mtoto wa madrasa isiyo na paa, anayepita vichakani alfajiri na juzuu yake kwapani. Wengine husema tuwaue mbwa wote tumalize. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (SAW) aliwahi kuamrisha mbwa wa Madina wauawe, kisha akakataza. Na waliojaribu njia hiyo zama hizi hawakuumaliza ugonjwa, kwani mbwa wengine huja kujaza nafasi nao hawana chanjo. Na nguruwe pori nani atawafukuza?

Ipo pia kazi isiyohitaji fedha. Wengi wetu tunafuga mbwa bila kuwagusa tangu wakiwa watoto, na bwana mifugo akifika hakuna wa kumshika mnyama. Maimamu waseme wazi kwamba kumshika mbwa kwa haja hii kunaruhusiwa, kama mikono na manyoya ni makavu hakuna hata cha kuosha, na kama ni mbichi, maji na udongo vipo. Neno hilo likisemwa baada ya Ijumaa, wiki moja kabla ya siku ya chanjo, litaleta mbwa wengi kuliko tangazo la halmashauri. Mustafa as-Sibai, mwanachuoni wa Syria aliyefariki mwaka 1964, ameandika juu ya wakfu wa malisho mjini Damascus uliokuwa wa farasi wazee wasio na kazi. Waislamu waliowahi kuwatengea ardhi farasi waliochoka hawashindwi na ndoo ya barafu ya kubebea chanjo kutoka Kibiti hadi Nyamisati.

Niliporudi Dar es Salaam nilimpigia simu mjukuu wa mzee ili nisahihishe jibu langu. Mbwa alikuwa amekwisha kufa, siku nne baada ya darasa letu. Mzee alichukua simu akaniambia kidonda walikiosha kila siku kwa maji ya chumvi, na kwamba jirani amempa mtoto wa mbwa. Nikamwomba radhi. Akasema, “Hamna neno, ustadhi, wewe ulisema unalolijua.”

Nimelipeleka jambo hili kwenye kamati ya msikiti wetu, kuomba kiasi kidogo kila mwaka kwa ajili ya chanjo ya mbwa wa vijiji viwili vya kule. Hakuna aliyelipinga. Ila mweka hazina aliuliza tuliandike katika fungu gani, maana si la mayatima, si la jengo, wala si la futari. Hadi naandika makala hii hatujakubaliana.