KIPAJI CHA MTOTO NI AMANA YA NANI?

KILA mwaka yanapotangazwa majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, liko kundi dogo linalopangiwa shule saba za serikali ambazo wengi tumezizoea kwa jina la shule za vipaji maalum. Wavulana hupelekwa Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Boys. Wasichana hupelekwa Kilakala, Msalato na Tabora Girls. Zote ni za bweni. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Maana yake ni kwamba mtoto wa muuza samaki wa Feri anaweza kulala kitanda cha chini, na cha juu akalala mtoto wa mkurugenzi. Pamoja na hayo, katika misikiti yetu ya mjini ni nadra kumsikia mtu akiwaeleza wazazi habari za shule hizi, kana kwamba zimejengwa kwa ajili ya umma mwingine.

Mzazi mmoja wa Temeke, ambaye binti yake alipangiwa mojawapo ya shule hizo, aliniambia: "Ustadhi, huyu ana akili, popote atafaulu. Nafasi wampe mwenye kuhitaji." Hoja hii si ya kupuuzwa. Ni swali la uadilifu: je, ni haki kumwongezea yule ambaye tayari amejaaliwa? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliikosoa elimu inayowaandaa wachache na kuwafanya wengi wajione wameshindwa. Na sisi Waislamu tunayo Surat Abasa, ambamo Mtume (saw) alikumbushwa na Mola wake kuhusu kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati yeye ameshughulika na wakubwa wa Makureishi.

Lakini tuitazame Abasa vizuri. Wale wakubwa walisikilizwa kwa sababu ya cheo chao, na aliyepitwa ni yule mwenye kiu ya kujua. Sasa tumtazame Umar bin al-Khattab (ra). Alikuwa akimwingiza kijana Ibn Abbas (ra) katika baraza la wazee waliopigana Badr. Baadhi yao wakanung'unika kwamba na wao wana watoto wa umri huo. Umar akawauliza wote maana ya Surat an-Nasr. Wapo waliosema kwa dhahiri yake, wengine wakanyamaza. Yule kijana akasema kuwa ni tangazo la kukaribia kwa ajali ya Mtume (saw). Umar hakumweka pale ili apambe baraza. Walionufaika na fahamu yake ni wale wale wazee, na sisi tunaosoma tafsiri leo.

Hapo ndipo jibu langu kwa mzee wa Temeke. Kipaji si zawadi ya mtoto peke yake, wala si sifa ya baba ya kutembea nayo kijiweni. Imam Ghazali, katika Ihya, ameihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi kifaya, na akalalamika kwamba watu wanasongamana kwenye fiqhi wakati mji mzima hauna tabibu Muislamu. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900. Mzazi anayemzuia binti mwenye uwezo wa kuwa daktari wa wanawake ajiulize mkewe atatibiwa na nani. Na hilo la "popote atafaulu" husemwa na asiyewahi kukaa nyuma ya darasa la watoto 90. Mimi ni mwalimu, nawaona. Mwenye akili nyepesi anamaliza hesabu zake mapema, anaanza kumchokoza jirani, na mwaka wa pili anaitwa mtundu. Wa tatu anaitwa mtoro.

Baada ya mazungumzo marefu mzee akatoa hofu yake halisi: swala na hijabu ya binti akiwa mbali. Hofu hiyo naiheshimu. Ila kaka yake binti huyo alikwenda bweni na hakuulizwa mtu. Kilakala na Msalato ni za wasichana watupu, wakati shule ya kutwa anayoiona salama ni ya mchanganyiko, na kila alfajiri binti anagombea daladala na makonda wasiotaka wanafunzi. Hijabu inaruhusiwa katika shule za serikali, na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani. Kinachobaki ni kazi ya mzazi: afike shuleni, aulize wanaswali wapi, nani anafundisha kipindi cha dini. Niliwahi kuona shule moja ambako vijana waliswali chini ya mwembe, na mvua ikinyesha wanatawanyika. Wazazi wakichanga, mabati yatapatikana.

Jambo moja lisisahauliwe. Siku hizi tangazo la serikali linazitaja shule hizi kuwa ni za wenye ufaulu mzuri zaidi, na naona ni jina la kweli kuliko lile la vipaji. Mtihani wa darasa la saba unapima ufaulu wa siku mbili, basi. Zayd bin Thabit (ra) aliagizwa na Mtume (saw) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa takriban nusu mwezi. Hakuna aliyempa karatasi ya kuchagua A, B au C. Aliyemtambua ni aliyekuwa naye karibu. Katika vyuo vyetu vya Qur'an wapo watoto wanaohifadhi juzuu kwa wiki chache, na shuleni wameandikwa wazito. Ustadhi wao anawajua kwa majina. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo mtaa huo huo hajawahi kumuuliza, na wala ustadhi hajawahi kuvuka barabara kwenda kumwambia.