Fimbo ya Bei Mbili

Msomaji wetu mmoja wa pwani, baba wa familia aliyestaafu kazi, ametuandikia kutaka shauri. Anatengenezewa fimbo ya kuvulia baharini kwa kipimo chake mwenyewe. Fundi amemwandikia bei mbili: moja ya vifaa vya kawaida, na nyingine, karibu mara mbili yake, ya vifaa bora. Auliza, je, ni dhambi kuichukua ile ya pili?

Huenda wengine wakacheka. Lakini Petro naye alitumwa na Bwana kutupa ndoana (Mathayo 17:27), wala Injili haisemi ndoana ile ilikuwa ya bei gani. Na swali hili humkuta pia mama anunuaye cherehani.

Mt. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alionya juu ya makosa mawili. Bahili hutazama kwanza udogo wa gharama, kisha huipunguza kazi ili ilingane nayo. Mbadhirifu hutoa kupita kazi inavyostahili. Basi hatuna budi kuuliza kwanza kazi yenyewe yadai nini.

Zitazameni pete za kupitishia mshipi. Mshipi wa kusukwa, uliochafuka kwa mchanga, huchimba mfereji katika pete hafifu, na mfereji huo huukwangua mshipi hata ukakatika samaki akiwa njiani. Pete ya silikoni kabidi ni ngumu, haichimbiki upesi. Fremu yake ikiwa ya titani, maji ya chumvi hayaipatii kutu. Tena ni nyepesi. Na uzito ulioko nchani huulemea mkono kuliko uzito uo huo karibu na mpini, kama ajuavyo kila aliyewahi kuinua ndoo kwa ncha ya mti mrefu. Kwa pete ya nchani na zile zilizo jirani yake, na alipe bila kusitasita. Kubana fedha hapo ndio ubahili wenyewe.

Mpini ni habari nyingine. Gome la mwaloni wa Ureno, lile la vizibo vya chupa za divai, huvunwa kila baada ya miaka 9, nalo huuzwa kwa madaraja. Lisilo na vitundu lapendeza. Lenye vitundu vilivyozibwa lashikika vilevile. Nakshi za nyuzi na mbao za thamani hazivui hata dagaa. Hapo msomaji wetu analipia macho ya wenzake ufukweni. Hatuthubutu kuita jambo hilo dhambi, kwa maana pambo si ovu, nasi tusingependa makanisa yetu yafanane na maghala.

Ila barua yake ina neno moja mwishoni, limeandikwa kana kwamba ni jambo dogo: mkewe anaijua bei ya kwanza tu. Twamsihi aziweke karatasi zote mbili za fundi mezani mbele ya mama huyo, leo jioni, kisha ndipo asome tena maneno yetu juu ya pete.